Uyoga wa Kiangazi

Jumatatu, 3 Juni 1991

Saa kumi na moja na nusu asubuhi. Gunia sakafuni, komeo mlangoni, kitabu kimeegemezwa kwenye mtungi wa maji. Picha ya saba leo. Kulala kifudifudi, kuinua kifua, kichwa nyuma. Mgongo umelia ko! Nikangoja kidogo nione kama nimevunjika. Sijavunjika.

Wiki ya tatu hii. Kilo tatu zimetoka.

Nesi wa zahanati ndiye aliyeanzisha haya. Alisema presha yangu ni ya ajuza na magoti yataniacha kabla Ndanu hajamaliza Form Four. Ndanu ni binti yangu wa pekee, yuko Form One, bweni. Mimi nina miaka thelathini na sita. Punguza mafuta, punguza chumvi, tembea, mwalimu. Nikamjibu kwa kiburi kwamba natembea kwenda kazini kila siku. Akauliza shule iko wapi. Shule iko ng'ambo ya barabara.

Ukweli nauandika hapa maana hapa hakuna wa kunicheka. Sifanyi kwa ajili ya magoti. Musembi anakuja Agosti. Mume wangu, karani wa ghala huko Mombasa, hajakanyaga hapa Mukuyuni tangu Krismasi ya mwaka juzi. Nataka akiteremka aone yule msichana ambaye yeye alikuwa akimfuata kwa baiskeli mpaka lango la chuo cha ualimu.

Kifungua kinywa: uji wa wimbi bila sukari. Ni kama kuadhibiwa.

Alhamisi, 6 Juni

Kitabu ni cha Wanjiru. Anafundisha darasa la pili, kwao ni Murang'a, na ndiye rafiki pekee niliye naye hapa shuleni. Aliachiwa na Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha sayansi hapa, kabla Mzungu huyo hajarudi kwao. Jalada limetoka. Ndani mna picha za mwanamke mwembamba kama ufito, amevaa nguo ya kubana ambayo hata hapa sitaieleza. Chini ya kila picha, mistari miwili ya Kiingereza.

Tumekubaliana tusilitaje jina la mazoezi haya kanisani. Kuna mhubiri alisema kwenye redio kwamba yoga ni ibada ya kigeni. Mimi siabudu kitu. Sina saa ya mkononi, kwa hiyo nikisimama mguu mmoja nasali Baba Yetu kimoyomoyo. Nikifika Amina nateremsha mguu. Kama kuna pepo anayevumilia Baba Yetu kumi na mbili kila asubuhi, basi huyo ameokoka.

Magoti hayaumi sana leo.

Jumapili, 16 Juni

Muthokoi. Mahindi niliyatwanga mwenyewe jana mpaka maganda yote yakatoka. Huko kutwanga nako ni mazoezi, mabega yananiambia. Nimeyapika na mbaazi, kitunguu kimoja, kijiko kimoja cha mafuta. Zamani nilikuwa natumbukiza mafuta mpaka sufuria inang'aa.

Mama mkwe, ambaye nyumba yake iko upande wa pili wa uwanja wetu, alikula. Halafu akauliza kama mafuta yameisha dukani.

Musembi hupenda ukoko. Leo nimekwangua sufuria, nikauweka kwenye sahani ya pembeni, nikaifunika. Kwa mazoea tu. Mwaka na nusu hayupo na mkono wangu bado haujapata habari. Nikakaa nikiitazama ile sahani. Kisha nikaula ukoko wote mwenyewe, nikiwa nimesimama.

Namtaka mume wangu. Si barua. Si salamu. Yeye, na harufu yake ya sabuni ya kipande, na vile anavyovua viatu akiguna kama mtu aliyetoka vitani.

Jumamosi, 22 Juni

Tumefanya kosa.

Wanjiru alikuja mchana. Tukafunga vitambaa viunoni, tukasimama mguu mmoja kila mtu, tumeshikana mabega tusianguke. Nilisahau komeo. Mama mkwe akasukuma mlango na kopo lake la maziwa. Akatutazama. Kwa kuwa Wanjiru hajui Kikamba, akamuuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Hii kitu munafanya ni nini?"

"Ni yoga, mama."

"Uyoga?" Akatazama ndani ya sufuria. Akainama akatazama chini ya meza. "Uyoga gani, na mvua hakuna?"

Tulicheka mpaka Wanjiru akakaa sakafuni. Hatukumweleza. Mtu mzima, tumemcheka machoni. Akaweka maziwa mezani, akatoka, mgongo wake umenyooka kuliko yetu yote miwili.

Jioni nilienda kumwomba msamaha. Akasema hakuna neno. Aliposema hakuna neno nikajua lipo.

Jumatano, 10 Julai

Barua ya Musembi, kupitia sanduku la shule. Mistari saba.

Amesikia ninakula uyoga wa porini ili nikonde. Niache mara moja. Kuna watu Kathonzweni waliula wakafa nyumba nzima. Kwani nina shida gani na mwili wangu?

Mama mkwe hajui kuandika. Alimwendea Mama Shemasi, mke wa shemasi wetu, akamwandikia. Kwa hiyo Mama Shemasi anajua ninakula uyoga. Na akijua Mama Shemasi, basi imetangazwa redioni.

Nimecheka hadi machozi. Halafu nikaisoma barua tena na kicheko kikaisha. Hakuna mahali amesema amenikumbuka. Zamani hata akiandika kuuliza habari ya mbuzi alikuwa anaanza na "mpenzi".

Nimemjibu kurasa nne. Nimemweleza yoga ni nini. Nimechora na picha. Ya sita nimeifuta, inatia aibu.

Jumapili, 21 Julai

Lile gauni la buluu limenitosha. Gauni la mwaka ule Ndanu alipoanza kutembea! Vifungo vyote vimefunga bila kuvuta pumzi. Nimepita katikati ya viti vya kanisa polepole kama bibi harusi, Mungu anisamehe.

Hakuna aliyesema nimependeza. Watu wanane wamesema pole.

Pole, mwalimu. Pole sana. Unaendeleaje?

Huku kwetu mtu akinenepa huambiwa Mungu amemkumbuka. Akikonda huambiwa pole na kuulizwa mume yuko wapi. Nikasema mume yuko Mombasa. Wakatazamana.

Nimerudi nyumbani nimekasirika. Nimechemsha kunde, nimekula na ugali wa mtama, sijasikia ladha ya chochote.

Ijumaa, 26 Julai

Mama Shemasi amekuja. Mkutano wa akina mama wa kanisa ni wiki ijayo, wageni wanatoka mji wa Wote na Kathonzweni. Miaka sita mimi ndiye msimamizi wa jiko. Mimi ndiye ninayejua sufuria ipi inavuja na nani asipewe chumvi ashike.

"Mwaka huu pumzika, mwalimu."

Nikasema sijachoka. Akatazama mikono yangu. Nilikuwa nimeshika mwiko.

"Ni vile vyombo vya wageni, unajua. Watu wanaongea." Akashusha sauti. "Hiyo ugonjwa haina dawa, lakini Mungu yuko."

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, na uji ukafurika ukazima moto.

Wanadhani nina ukimwi. Nimeliandika neno kwa sababu halikunitoka mdomoni. Si uyoga tena. Uyoga ulikuwa wiki ya kwanza tu.

Kinachoniuma kuliko vyombo ni hiki: kama mimi ninao, basi wanasema Musembi ndiye aliyeniletea. Mume wangu si mtu wa hivyo. Nilitaka kumwambia Mama Shemasi hivyo. Nilitaka kumpiga na ule mwiko. Nilimsindikiza hadi njiani, kama ilivyo desturi.

Alhamisi, 1 Agosti

Siku njema! Barua ndefu ya Musembi.

Ananiuliza juu ya mwili wangu. Je, ninakohoa? Usiku natoka jasho? Tumbo linaendesha? Nina vidonda mdomoni? Nywele zinatoka? Nijibu kila swali, nisimfiche.

Nimeisoma chumba cha walimu na uso umepata moto. Miaka kumi na tano ya ndoa, hajawahi kuniuliza hata habari ya jino. Wanjiru akauliza mbona natabasamu ukutani.

Nimemjibu swali moja moja, kama mtihani. Sikohoi. Silowi jasho. Tumbo ni zima. Nywele zipo, njoo uzihesabu. Nalala vizuri, naamka mapema, napanda kilima cha kisimani na debe kichwani bila kupumzika. Halafu mwisho kabisa, kabla haya haijanishika, nikaandika: "Ugonjwa nilio nao ni wewe."

Nikalamba bahasha haraka. Imeshaenda na gari la posta.

Jumamosi, 10 Agosti

Shule imefungwa. Ndanu amekuja, amerefuka, anakula kama mchimba visima. Nimefagia uwanja mara mbili. Kuku amechemshwa, hakukaangwa. Muthokoi upo. Malenge lipo. Gauni la buluu limepigwa pasi ya makaa.

Musembi alisema atakuja tarehe kumi. Basi za barabara ya Mombasa hufika huku alasiri. Mama mkwe ametoa kigoda chake, amekikalia karibu na ua, anajifanya anachambua mbaazi. Amechambua zilezile tangu saa sita.

Mimi najifanya naandika.

Jumapili, 11 Agosti

Hakuja.

Alhamisi, 22 Agosti

Hakuja, na hakuandika.

Nimekula mandazi matano ya hotelini, moja baada ya jingine, mafuta yakinitiririka kwenye kiwiko. Sijafanya picha hata moja tangu Jumatatu. Nanyosha mwili kwa ajili ya nani? Nipunguze kiuno kimtoshe nani mkononi?

Nafikiri ni lile neno la mwisho. Nilijirahisisha. Mwanamke mzima, mwalimu, naandika kama msichana wa darasa la saba. Labda aliisoma mbele ya wenzake. Labda alicheka.

Mama mkwe amepita akaona karatasi ya mandazi. Aliniletea kunde mbichi, akakaa kuzichambua pamoja nami. Hatukumtaja. Yeye naye amekosa mwana, mimi nimejifanya ni mimi peke yangu.

Kesho narudi kwenye gunia. Magoti angalau ni yangu.

Jumamosi, 14 Septemba

Amekuja. Naandika polepole ili niandike sawasawa.

Leo mwethya ilikuwa shambani kwetu. Ni kikundi chetu cha akina mama kumi na wawili, tunachimba mitaro kwenye shamba la kila mmoja kwa zamu. Kupika wamenikataza, kuchimba hawajanikataza! Nilikuwa ndani ya mtaro, nautupa udongo upande wa juu, nimeshika mpigo. Saa tisa hivi wenzangu wakaacha kuimba.

Musembi alikuwa amesimama mwisho wa shamba na mfuko mmoja. Koti limemlegea mabegani. Yeye ndiye aliyekonda.

Alinitazama. Nilikuwa na udongo hadi magotini, jasho, mikono yote imejaa nguvu. Akanitazama kama mtu anayemwona aliyeambiwa amezikwa. Kisha akakaa pale pale juu ya mavumbi, akafunika uso kwa kofia, akalia. Mwanamume, mbele ya wanawake kumi na wawili. Wakachukua majembe yao, wakaondoka bila kuambiwa.

"Nilikuja nikijua nakuja kukuuguza," akasema. "Nilijua nimekuua, Mwikali."

Kuna mwanamke Mombasa. Alikuwako. Miaka mitatu. Alianza kukonda mwaka jana, akakohoa, akafa mwezi wa tatu. Halafu ikamfikia barua kutoka nyumbani kwamba mkeo anakonda. Aliniandikia niache uyoga, lakini habari hiyo hakuiamini hata siku moja, wala zile kurasa zangu za yoga. Alidhani ni watu wananifichia aibu. Akaniandikia yale maswali. Nami nikamjibu kwamba ugonjwa nilio nao ni yeye.

Alisoma hivyo. Akadhani ninamshtaki. Alikata tikiti ya tarehe kumi, akafika kituo cha basi, akarudi chumbani kwake. Mara mbili.

Na mimi nilifurahi. Nilifurahi kwamba ananiuliza kama ninakohoa.

Jumapili, 15 Septemba

Amelala nyumba ya mama yake. Sikuenda kanisani.

Namchukia. Nimepika. Nimempelekea mama mkwe sahani mbili, nikarudi, nikasimama nyuma ya pazia kumtazama Musembi akila uwanjani. Anakula polepole siku hizi. Anapumzika katikati.

Miezi yote hii nilikuwa nanyosha mwili kwa ajili ya mtu ambaye usiku anakunja mguu kwingine. Ningependa kuchoma kile kitabu. Si changu.

Na bado nilisimama pale nyuma ya pazia mpaka akamaliza.

Jumanne, 17 Septemba

Machakos, hospitali. Nimeomba ruhusa shuleni, nimesema ni mambo ya Ndanu.

Wametutoa damu, yeye kwanza, mimi baadaye. Majibu ni baada ya wiki mbili. Musembi alianza na yule mwanamke wa Mombasa kabla ya ile Krismasi aliyolala kwangu mara ya mwisho. Kwa hiyo nguvu zangu zote hizi si ushahidi wa kitu. Nesi amesema mtu anaweza kuwa nao akakimbia na debe la maji vizuri tu.

Tulikaa benchi moja. Katikati yetu pangeweza kukaa mtu wa tatu.

Jumatano, 2 Oktoba

Mimi sina. Yeye anao.

Daktari aliniita kwanza, kisha yeye, kisha sote wawili. Hakuna dawa. Ale vizuri, asiache maziwa na mboga, alale, atembee, asiposikia vizuri aje mapema. Ni yaleyale niliyoambiwa mimi kwa ajili ya magoti.

Nje ya hospitali Musembi akasema, "Asante Mungu." Alisema kwa ajili yangu. Nikampiga. Ngumi mbili kifuani, watu wakitazama. Halafu nikamkumbatia kiunoni kwa sababu alikuwa anaanguka. Ni mwepesi. Mume wangu niliyekuwa nashindwa kumsukuma kitandani akikoroma, nimemshika kwa mkono mmoja.

Jumapili, 6 Oktoba

Ninayo karatasi. Ina mhuri. Leo ningesimama wakati wa ushuhuda, nikaiinua mbele ya kanisa zima, nikamwambia Mama Shemasi asome kwa sauti yeye mwenyewe kwa kuwa anapenda sana barua za watu. Nilijiona nikifanya hivyo usiku kucha. Nilikuwa hata nimechagua maneno.

Lakini wangesema Mungu ni mwema, halafu wangeuliza ya mwenzako iko wapi.

Mama mkwe alikuja asubuhi. Musembi amemwambia yote. Alisimama mlangoni akiniangalia nikifunga vifungo vya gauni la buluu, na karatasi iko mezani, na hajui kusoma lakini alijua ni ipi. Hakuniomba chochote. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika shuka yake pale shingoni.

Nikaiweka karatasi ndani ya daftari hili. Nikaenda kanisani. Pole, mwalimu. Pole sana. Nikajibu wote asante. Nilikuwa na hasira hata mdomo unaniuma, lakini nilijibu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Ameacha kazi. Amerudi kwenye nyumba yetu. Fundi ametengeneza kitanda cha pili, tumewaambia watu ni cha Ndanu akija likizo.

Daktari alitaja mipira ya kinga. Mimi naogopa. Yeye anaogopa zaidi. Hatujaliongea tena.

Sasa napika sufuria moja na sahani mbili. Yangu haina mafuta. Yake naitilia mafuta juu, na parachichi, na yai kila siku. Mimi napungua, yeye aongezeke. Amenenepa kidogo mashavuni, ama ni macho yangu yanataka.

Asubuhi kuna magunia mawili. Amejaribu picha ya kusimama mguu mmoja, akaangukia kabati na vikombe vikalia. "Kumbe huu ndio uyoga," akasema, na tukacheka sote wawili, mara ya kwanza. Mama mkwe, aliyekuwa akipita nje, akagonga ukutani akauliza nini kimevunjika. Kisha Musembi alipoinuka nikaona kwapa la fulana yake, na shingo, na ile alama ndogo ya kuungua aliyokuwa nayo tangu utotoni, na nikageuka nikajifanya natafuta kiberiti.

Kitanda chake kiko hatua nne kutoka changu. Nimezipima. Alipokuwa Mombasa nilikuwa na hakika kwamba akifika, hamu hii itaisha. Imezidi. Namsikia akigeuka. Namsikia akisikiliza mimi nikigeuka. Namtamani mume wangu, na bado nina hasira naye, na vyote viwili vinalala kitanda kimoja nami.

Jumamosi, 2 Novemba

Mvua imenyesha Alhamisi na jana. Udongo umelainika. Ile mitaro tuliyochimba imejaa maji na haikubomoka.

Tumepanda leo, yeye na mimi. Alitangulia na jembe akitoboa mashimo, mimi nikafuata na kibuyu cha mbegu, mahindi mawili, mbaazi mbili, nafukia kwa mguu. Alichoka upesi. Sikumwambia apumzike. Nilipunguza mwendo tu, akapunguza na yeye.

Mwisho wa mstari inabidi kurudi mwanzo wa shamba, maana ardhi inateremka. Tuliporudi mara ya kwanza njia ilikuwa tope. Akanipa mkono nivuke mtaro. Nikavuka. Hakuuachilia.

Huku mtu na mke wake hawashikani mikono mchana. Sijawahi kuona. Wazazi wangu sikuwaona, mama mkwe na marehemu mzee sikuwaona, sisi wenyewe hatukufanya hivyo hata tukiwa wachumba. Mama Shemasi alikuwa akipita barabarani na mwavuli wake. Akasimama. Tukapita, mikono imejaa tope, tumeshikana.

Tulipanda mstari mwingine. Tukarudi tena tumeshikana. Na mwingine.

Shamba letu ni dogo. Kufika saa saba tulikuwa tumemaliza.